Kiungio Namba Tatu

Nahodha aliulizwa swali lile lile kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne akajibu vile vile, bila kutia chumvi wala kupunguza.

"Injini ilizima saa nne na dakika kumi asubuhi. Mkondo ukaanza kutusukuma kwenye miamba. Nikashusha nanga. Saa nne na dakika hamsini injini ikawaka, nikaing'oa nanga, nikaenda zangu. Ndiyo, nilijua pale chini kuna kebo. Imechorwa kwenye ramani. Lakini nilikuwa na watu kumi na wanane melini, afande. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Inspekta aliinamia daftari lake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, mwenye mazoea ya kuandika kila kitu kwa penseli ili aweze kujisahihisha. Akaandika saa nne na hamsini. Chini yake akaandika saa tano na arobaini. Hiyo ya pili ndiyo saa ambayo, siku kumi na moja zilizopita, kebo ya umeme iliyolazwa chini ya bahari kuunganisha gridi ya nchi hii na ya nchi jirani ilikufa ghafla. Nchi mbili zikazimika kwa mpigo mmoja, mchana kweupe. Watu walinasa kwenye lifti, pampu za maji zikasimama, madaktari wakamalizia upasuaji kwa mwanga wa simu. Magazeti yalikuwa yameshatoa hukumu. Picha ya nahodha ilikaa ukurasa wa kwanza, na chini yake neno moja tu: MHARIBIFU.

"Nanga ilitoka saa nne na hamsini," Inspekta akasema. "Kebo ikafa saa tano na arobaini. Ni dakika hamsini."

"Ndiyo ninayowaambia tangu Jumatatu! Mtu akipigwa panga huanguka pale pale, haendi kwanza sokoni."

Penseli ya Inspekta ikasimama kidogo. Nahodha akashusha sauti.

"Nina miaka hamsini na sita. Nikikutwa na hatia, leseni ndiyo basi tena. Kazi nyingine siijui."

"Nakwenda kuiona kebo yenyewe," Inspekta akasema, akafunga daftari.

Kituo cha kebo kilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa gari, mwisho wa barabara ya lami, mahali ambapo kebo ilitoka baharini na kuingia chini ya ardhi. Inspekta hakuhitaji kuelekezwa njia. Alikulia pale, katika nyumba ya nne kati ya zile sita za wafanyakazi, enzi ambazo kebo ilikuwa bado inalazwa. Nyumba zile sasa zilikuwa ofisi, zimepakwa rangi ya kijivu, madirisha yametiwa vyuma. Ngazi za nyumba ya nne zilikuwa bado zimepasuka pale pale. Zamani ufa ule ulikuwa mpaka: watoto wa mafundi huku, watoto wa makarani kule, na kigoroli kikivuka ufa kimeliwa.

Meneja wa kituo alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mtu nadhifu, mwepesi wa tabasamu, na hakusahau kuulizia safari, joto na foleni. Kisha akampeleka uani, ambako kipande cha kebo chenye urefu wa mita mbili, kinene kama paja la mtu mzima, kilikuwa kimelazwa juu ya vigingi viwili vya mbao.

"Meli ya matengenezo imekitoa kilomita arobaini na moja kutoka hapa. Ndipo jamaa yako aliposhusha nanga. Angalia mwenyewe jeraha hilo."

Inspekta akapiga magoti. Jeraha lilikuwepo, halina ubishi. Nyuzi za lami zilizofunika kebo zilikuwa zimechunwa urefu wa mkono mzima. Chini yake nyaya za chuma zilikuwa zimebonyea. Akazihesabu moja moja kwa ncha ya penseli, kisha akazihesabu tena.

"Hakuna hata moja iliyokatika," akasema.

"Nje ndivyo inavyoonekana. Ndani imeumia."

"Mmeifungua?"

"Wataalamu watafungua."

"Kwa hiyo hamjaifungua. Na dakika hamsini, unazielezaje?"

Meneja akacheka kwa upole. "Afande, wapo wagonjwa wanaokata roho papo hapo, na wapo wanaochelewa."

Inspekta akainuka, akakung'uta magoti. Akatazama ng'ambo ya ua, kwenye jengo refu la mabati lililoanza kula kutu.

"Ile karakana ya mafundi wa kuunga bado ipo?"

"Siku hizi ni stoo. Hakuna cha kuona, vumbi tupu."

"Nilikuwa naletwa pale na baba yangu. Niruhusu nichungulie tu."

Meneja akasita muda mfupi mno, kama mtu anayemeza mate. Lakini angekataaje? Akamkabidhi ufunguo, akasema anakwenda kupokea simu.

Harufu ndiyo iliyomlaki Inspekta kwanza. Miaka mingi imepita na bado ukuta ulinuka lami na mafuta yaliyopashwa moto. Baba yake alikuwa akirudi nyumbani na harufu ile kwenye nywele, na mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe hata ukioga wiki, mto wangu utabaki unanuka kazi." Humu ndimo mafundi walimofanyia mazoezi kabla ya kwenda melini. Kebo ya baharini haitengenezwi ikawa kipande kimoja cha safari nzima, bali huletwa kwa vipande, na kila vipande viwili huunganishwa kwa mkono juu ya meli: shaba kwa shaba, kisha matabaka na matabaka ya karatasi iliyoloweshwa mafuta, kisha ganda la risasi, ile risasi ya madini, si ya bunduki. Kazi ya siku tatu usiku na mchana. Mafundi walivaa makoti meupe marefu kama kanzu za mabwana harusi, na mwenye mafua hakuruhusiwa hata kusogea, maana unyevu kidogo tu ungeharibu karatasi ile. Mabaki ya karatasi baba yake alikuwa akimletea, wakajalidia madaftari ya shule. Mwalimu wa hesabu aliwahi kumuuliza kwa nini madaftari yake yanateleza kama samaki.

Nyuma kabisa, chini ya turubai la kijani, kulikuwa na kitu kirefu. Vumbi lilikuwa limelala kila mahali isipokuwa juu ya turubai lile.

Akalifunua.

Ilikuwa kebo nyingine, mita kumi hivi, na katikati yake ilivimba kama nyoka aliyemeza sungura. Uvimbe ule aliujua tangu utotoni. Ni kiungio. Ubavuni mwake palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, jeusi, limeungua, na kingo zake zilikuwa zimefunuka kuelekea nje. Inspekta akaingiza kidole, akakitoa na masizi. Nanga hugonga kutoka nje kwenda ndani. Hiki kilikuwa kimepasuka kutoka ndani kwenda nje.

Hakulirudisha turubai. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha vipimo, ambako fundi wa vipimo, mwanamke kijana mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa peke yake na mashine zake.

"Kebo ikifa, mnajuaje imekufa wapi?"

"Tunaipigia hodi, afande. Tunatuma mshtuko mdogo wa umeme kutoka hapa. Ukifika penye ubovu unagonga, unarudi. Tunapima umechukua muda gani kwenda na kurudi, tunapata umbali. Kama mwangwi wa kisima."

"Na safari hii mwangwi ulisema nini?"

Fundi akatazama mlango. "Ripoti si unayo?"

"Ripoti inasema kilomita arobaini na moja. Mimi nauliza mwangwi."

Feni ya mashine ikaendelea kuvuma.

"Thelathini na nane na nusu," fundi akasema mwishowe. "Nilipima mara sita. Upande wa nchi jirani nao walipima, tukakutana pale pale. Mimi napima tu. Ripoti huandikwa ghorofani."

"Umeziweka namba zako?"

"Mashine haifuti, afande. Hata ukiibembeleza."

"Nichapishie zote sita. Kila karatasi uitie sahihi na tarehe."

Alipotoka na karatasi zake, meneja alikuwa anamngojea kwenye korido. Tabasamu lilikuwa limekwenda likizo. Mkononi alishika kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi.

"Umefunua turubai."

"Nimefunua."

"Basi tuongee kama watu wazima." Akalaza kitabu juu ya meza ya korido, akafungua mahali alipokwisha kupatia alama. "Hiki ni kitabu cha ulazaji. Kila kiungio kimeandikwa humu: kiko wapi, kilifungwa lini, na nani. Kiungio namba tatu, kilomita thelathini na nane na nusu. Soma sahihi."

Inspekta akasoma. Hakuhitaji kusoma. Sahihi ile ilikuwa kwenye ripoti zake zote za shule ya msingi, imelala kinyume kwa sababu aliyeiandika alitumia mkono wa kushoto, hata kazini jina lake halisi likasahaulika, wakamwita Fundi Mashoto. Alikuwa amekufa miaka tisa sasa.

"Unataka tuandike ukweli?" meneja akasema taratibu. "Haya, tuandike wote. Nchi mbili zilizimika kwa sababu ya kazi mbovu ya baba yako. Au tumwachie nahodha mzigo wake, kwani nanga alishusha, hilo hakatai. Marehemu apumzike, mama yako azeeke kwa heshima. Mimi nakuonea huruma tu, dada yangu."

"Mimi si dada yako," Inspekta akasema. "Na kitabu hiki nakichukua. Kilete. Ufunguo wa karakana bado ninao."

Alirudi karakana, safari hii na fundi wa vipimo kama shahidi, taa ya mkononi na wembe. Pale ambapo ganda la risasi lilipasuka, alilipeleka kando kidogo kidogo mpaka utepe wa mwisho ukaonekana, ule utepe mwembamba wa kitambaa ambao fundi hufungia kazi yake kabla ya kuifunika. Matabaka ya karatasi hufuata mchoro wa kiwandani. Utepe wa mwisho hufuata mkono wa mfungaji.

Akamulika. Akafuata mzunguko wa utepe kwa ncha ya kidole.

"Piga picha hapa," akasema. "Utepe unakwenda kulia."

"Ina maana gani?"

"Baba yangu alikuwa akinifunga kamba za viatu asubuhi, na shuleni hapakuwa na mwalimu aliyeweza kuzifungua. Kila alichokifunga kilikwenda kushoto. Mkono huu si wake."

Mkono wa kulia ulikuwa wa mtu mmoja tu. Kwenye meli iliyolaza kebo kulikuwa na mafundi wawili wa kuunga, Mashoto na msaidizi wake, ambaye Inspekta alimwita baba mdogo tangu hajajua kutamka vizuri. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa kijana aliyekula kwao kila Jumapili na kumaliza maji ya mtungi. Sasa alikuwa mstaafu wa miaka sitini, anaishi mitaa miwili nyuma ya kituo, anatengeneza feni za watu sebuleni kwake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Sogeza hiyo feni ukae. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona umekuja na uso wa kazini?"

Inspekta akatoa simu, akamwonyesha picha. Mzee akaipeleka mbali, akaileta karibu, kisha akaiweka juu ya goti lake na kuifunika kwa kiganja. Nje mtu alikuwa anapiga honi. Bisibisi ikamponyoka, ikabiringika chini ya kochi, hakuifuata.

"Nilijua ni namba tatu," akasema. "Niliposikia tu umeme umekatika, nilijua."

"Kitabuni kuna sahihi ya baba."

"Sahihi ni yake. Kazi ni yangu."

"Kwa nini?"

"Tarehe umeiona? Tarehe kumi na nne, mwezi wa tano. Jiulize wewe ulikuwa wapi."

Inspekta akataka kusema hajui. Badala yake mkono wake ukaenda wenyewe ubavuni, upande wa kulia, penye kovu. Alikuwa na miaka tisa. Kidole tumbo kilipasuka, akalazwa, daktari akasema Mungu tu. Alikumbuka kuzinduka na kumwona baba yake kando ya kitanda anamenya chungwa, ganda linashuka kama utepe mrefu usiokatika. Maisha yake yote alidhani baba alikuwa likizo.

"Habari zilikuja kwa redio," baba mdogo akasema. "Tulikuwa ndiyo tumeanza kuunga. Fundi akiacha kiungio katikati anafukuzwa siku hiyo hiyo, na mimi sikuruhusiwa kufunga peke yangu, nilikuwa mwanafunzi bado. Lakini palikuwa na boti ya vyakula inarudi pwani. Nikamwambia, kaka, panda. Hema la kuungia limefungwa, tumevaa barakoa, nani atajua nani yuko ndani? Nitafanya ya watu wawili. Akapanda."

"Ukafanya siku tatu peke yako."

"Siku tatu na nusu, silali. Siku ya pili joto hemani lilizidi. Jasho likanidondoka kwenye karatasi. Tone moja, mwanangu. Niliona lilipoingia. Nikapangusa, nikakausha kwa taa, nikajiambia limekwisha. Nilipaswa kubomoa nianze upya. Ningebomoa, meli ingechelewa, wangefungua hema, wangemkuta hayupo. Nikafunga." Akavuta pumzi. "Akarudi siku ya nne. Akaniuliza neno moja tu: 'Umefunga?' Nikasema nimefunga. Akatia sahihi. Kuhusu lile tone sikumwambia mpaka anakufa."

"Na ukakaa nalo miaka thelathini na mitatu."

"Nani kakwambia nimekaa nalo?" Mzee akainuka, akafungua kabati, akavuta bahasha kutoka chini ya mashuka. "Mwaka niliostaafu nilimwandikia meneja. Nikaeleza yote, nikasema kitoeni hicho kiungio kabla hakijawafia. Nilipeleka kwa mkono wangu. Karani akanigongea muhuri kwenye nakala."

Inspekta akaisoma barua akiwa amesimama. Muhuri wa kupokelewa ulikuwa wa miaka mitano iliyopita, na pembeni, kwa wino wa kijani, palikuwa na maneno mawili na sahihi ya meneja: *Nimeona. Hifadhi.*

Kwa hiyo alijua. Saa mbili tu zilizopita alikuwa amesimama kwenye korido akimtwika marehemu mzigo, naye anajua fika si wake.

"Vaa viatu, baba mdogo," Inspekta akasema. "Utaandika maelezo."

"Nitafungwa?"

"Sijui. Kwa tone la jasho sidhani. Lakini sitakudanganya, sijui."

Mzee akavaa viatu.

Akiwa garini Inspekta alimpigia mkuu wake. Akaeleza kwa ufupi: vipimo sita, tundu lililopasuka kutoka ndani, barua yenye muhuri. Akaomba meneja azuiwe kutoka nje ya mji. Mwisho akasema kesi hii sasa inamhusu baba yake, hivyo kesho asubuhi inabidi apewe mwingine. Mkuu akakohoa, akasema ni kweli, na kwamba karatasi ya kumwachia nahodha itakuwa mezani kwa Inspekta ikingoja sahihi yake.

Alimwacha baba mdogo kituo cha polisi, kwenye benchi, pamoja na koplo wa kumwandikia maelezo. Kisha, kabla hajagusa karatasi ile, akaenda kwa mama yake.

Mama alikuwa anaanua nguo uani. Inspekta akashika upande wa pili wa shuka, wakalikunja pamoja, wakikutana na kuachana kama walivyofanya siku zote.

"Mama, kesho watu watasoma gazetini kwamba baba alitia sahihi kazi ambayo hakuifanya."

Mama akaweka shuka kikapuni. "Kiungio?"

"Ulikuwa unajua?"

"Unadhani nani alipiga redio melini? Mimi. Nilimbembeleza karani wa kituo mpaka nikalia. Nikasema mwambieni mwanawe anakufa, na kama ana kebo ya kulaza, basi alaze, na mimi nitamzika mtoto." Akavuta shuka jingine. "Akaja na koti lake jeupe mwilini, manesi wakadhani ni daktari. Wakamuuliza habari za mgonjwa wa kitanda cha pili."

Inspekta akacheka, na macho yakamjaa machozi.

"Siku ya tatu ulipoomba maji nikamwambia, rudi kazini, mtoto amepona. Hakwenda. Alisema anangoja akusikie ukiuliza swali, maana wewe ukiwa mzima huachi kuuliza. Asubuhi ukamuuliza kwa nini chungwa lina vyumba. Ndipo alipoondoka."

"Watamsema vibaya, mama."

"Watasema wiki mbili. Mimi nimekuwa na wewe miaka thelathini na mitatu." Mama akamtazama. "Huyo nahodha ana watoto?"

"Watatu."

"Na bado yuko ndani?"

"Bado."

"Sasa unakunja mashuka yangu ya nini? Ondoka!"

Inspekta alitia sahihi saa kumi na robo, kwa kalamu ya wino. Nahodha aliletwa, akarudishiwa mkanda, saa na miwani. Aliivaa saa kwanza, akaitazama, kana kwamba kuna mahali alikuwa anachelewa.

"Kwa hiyo si nanga," akasema.

"Si nanga. Ni kiungio. Tone la jasho liliingia siku kilipofungwa."

"Kilifungwa lini?"

"Miaka thelathini na mitatu iliyopita."

Nahodha akapiga mluzi mrefu wa kibaharia. "Tone moja, na bado kikashika miaka yote hiyo chini ya maji? Meli yangu ina miaka kumi na tisa, kila mwezi naiziba. Huyo fundi bado yu hai?"

"Yu hai."

"Ningependa kumwona."

Inspekta akamfungulia mlango. "Yuko hapo nje kwenye benchi," akasema. "Anaogopa utamtukana."

Nahodha akatoka, akakaa kando ya mzee, akampa mkono wa kulia.